Ngazi Tatu Mbele ya Muziki

Sisi watu wa mine tunajua Kinshasa kwanza kwa masikio. Mtu wa Lubumbashi, wa Likasi ao wa Kolwezi, hata kama hajafika kule siku moja, amekwisha kusikia gitaa za Kinshasa katika redio ya jirani tangu utoto wake. Mji ule uko mbali na Lubumbashi kwa kilometa zaidi ya 1.500 kwa njia ya hewa, lakini muziki wake unaingia katika nyumba zetu bila kuomba ruhusa.

Mwezi huu twende kule pamoja. Lakini kila mahali tutakapofika tutauliza ulizo moja tu: mtu asiyeweza kutembea anaingia hapa namna gani? Ukitembea na ulizo hili, mji unakuonyesha sura nyingine. Unaanza kuhesabu ngazi. Unaanza kupima milango kwa macho. Na ukirudi kwenu hauwezi tena kuacha kuhesabu.

KWENYE BEACH NGOBILA

Tuanze kandokando ya mto Kongo, kwenye Beach Ngobila, pale mashua zinapoondoka kwenda Brazzaville. Miji mikuu miwili ya inchi mbili inatazamana juu ya maji. Kwa miaka mingi, wasafiri walioshangaza wageni zaidi mahali hapa walikuwa vilema. Wakati wa Mobutu walipewa nafuu ya malipo ya kuvuka na ya ushuru. Basi wengi wao wakawa wafanya biashara. Kinga zao za magurudumu matatu, zile zinazozungushwa kwa mikono, zilitengenezwa upya kwa vyuma, zikawa ndefu na pana, zikabeba mizigo inayopita kichwa cha mwenyewe. Na nyuma yake walikuwapo vijana wenye miguu mizima, wanasukuma, wanangoja malipo yao.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Tumezoea kumwona kilema amekaa mbele ya duka akinyoosha mkono. Huku ni yeye aliyemlipa mtu mzima mshahara wa siku. Miguu yake haikupona. Kitu kilichobadilika ni njia: mahali pamoja palifunguliwa kidogo, naye akapita na mzigo wake wote.

CHINI YA MITI YA ZOO

Toka mtoni tupande kuelekea soko kubwa. Karibu na soko lile kuna bustani ya wanyama, zoo ya Kinshasa, iliyofanywa zamani za ukoloni. Wanyama si wengi. Lakini bustani hii imejulikana katika dunia nzima kwa sababu ya kundi moja la wanamuziki, Staff Benda Bilili.

Waanzilishi wake, Ricky Likabu na Coco Ngambali, waliugua polio wakiwa watoto, sawasawa na waimbaji wengine wa kundi. Walikwenda mazoezi juu ya kinga zao, chini ya miti ya zoo. Pamoja nao alikuwa kijana wa barabarani, Roger Landu, aliyejitengenezea chombo kwa kopo tupu, mti uliopindwa na waya moja tu. Chombo hicho kinaitwa satonge. Ukisikia sauti yake hauwezi kusadiki kwamba ni waya moja.

Sahani yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 2009, ilinaswa palepale katika zoo, inje, kwa kompyuta ndogo na mikro chache. Umeme ulivutwa kwa waya mrefu toka buveti moja iliyoachwa. Ukitega sikio unasikia na vyura. Kati ya nyimbo za sahani ile mmoja unaitwa Polio: unawaomba wazazi wapeleke watoto wao kuchanjwa. Wimbo ule haujazeeka, kwa maana virusi vya polio vimeendelea kuonekana katika inchi yetu hata baada ya mwaka 2020. Mama unayesoma ukurasa huu, tazama karti ya mtoto wako.

Jina Benda Bilili, kwa Lingala, linataka kusema: angalia ngambo ya kile kinachoonekana. Mwaka ule ule wa 2009, mwezi wa Julai, kundi hili liliimba katika festivali ya Eurockéennes, karibu na mji wa Belfort katika Ufaransa. Mwaka 2010 filme iliyosimulia maisha yao ilionyeshwa Cannes. Mwaka 2013 kundi likagawanyika, sawa makundi mengi ya muziki yanavyogawanyika. Lakini kazi yao imebaki.

Sasa turudi kwa ulizo letu. Kwa nini bustani, na si ukumbi? Ukisimama pale unaona: juu ya udongo ulio sawa, kinga inaingia mpaka katikati. Wanamuziki wanaweza kukaa duara, uso kwa uso. Hakuna mtu wa kuwaambia, "Ninyi mkae chini, jukwaa ni la wengine."

Jambo hili tunalisahau mara nyingi. Tukisema juu ya walemavu na maonyesho, tunafikiri paka juu ya wale wanaokuja kutazama. Lakini jukwaa nalo lina ngazi. Katika nyumba nyingi za mikutano jukwaa liko juu kwa ngazi nne ao tano, na hakuna njia nyingine. Kwa hiyo kijana mwenye sauti nzuri kuliko wote anaimba akiwa chini, pembeni, nyuma ya mgongo wa mpiga ngoma. Watu wanasikia sauti na kuulizana, "Ni nani anaimba?"

KATIKA KIWANJA KIKUBWA

Tuendelee mpaka Stade des Martyrs. Kiwanja hiki kilifunguliwa mwaka 1994 na kinaweza kupokea watu 80.000 hivi. Jina lake linakumbusha wanasiasa wane walionyongwa wakati wa Pentekoste, mwaka 1966. Hapa wanacheza mupira, na hapa wanamuziki wakubwa wanaitisha watu wao.

Hapa pia familia zimelia. Tarehe 29 Oktoba 2022 watu 11 walikufa katika onyesho la muziki, kwa kukosa hewa na kwa kukanyagana, kwa sababu watu waliingia wengi kupita kiasi. Tarehe 27 Julai 2024, katika onyesho la muziki wa dini, wengine saba kwa uchache wakapoteza maisha kwa kusukumana.

Wale waliokufa walikuwa watu wa kila namna. Lakini sikilizeni vizuri: pahali ambapo mtu mwenye miguu mizima anaangushwa na kukanyagwa, mtu wa magongo atafanya nini? Mama mwenye mimba? Mtoto? Muzee asiyeona? Mlango mpana, njia isiyozibwa na viti, hesabu ya tikiti isiyopita hesabu ya mahali: vitu hivi si zawadi kwa walemavu. Ni uzima wa wote. Njia anayopita mlemavu bila kusukumwa ni njia ile ile itakayomtoa mtoto wako siku ya hatari.

WENZETU WA ULAYA WANAFANYA NAMNA GANI?

Tusifikiri kwamba kule yote yamekwisha. Katika Ufaransa sheria ya tarehe 11 Februari 2005 iliagiza kwamba kila jengo linalopokea watu, hata sinema, teatre na viwanja, liwe na njia kwa mlemavu kabla ya mwanzo wa mwaka 2015. Miaka kumi. Mwaka 2014 serikali ikaona kwamba majengo mengi hayatakuwa tayari, ikatoa miaka mingine ya nyongeza. Hata penye feza nyingi, ngazi ni kichwa kigumu.

Lakini kuna mambo mazuri ya kujifunza. Katika festivali nyingi za kule wanajenga jukwaa la pili mbele ya jukwaa la wanamuziki. Ni la mbao ao la chuma, lina njia ya mteremko, na watu wa viti vya magurudumu wanakaa juu yake. Kwa nini juu? Kwa sababu wimbo mtamu ukianza, watu wote wanasimama, na yeye aliyekaa anaona migongo tu. Mara nyingi mtu anayemsindikiza mlemavu anaingia bure, kwa maana anakuja kwa kazi, si kwa kujifurahisha peke yake. Choo kinakuwa na mlango mpana na chuma cha kushika. Kwa viziwi, pengine mtu anasimama pembeni ya mwimbaji na kutafsiri maneno kwa mikono. Na mambo haya yote yanatangazwa mbele, pamoja na bei ya tikiti. Mtu akiwa nyumbani kwake anajua kama ataweza kuingia ao hapana. Hatapoteza feza za safari kwa kwenda kulala mbele ya mlango.

NA HUKU KWETU?

Turudi sasa katika udongo wetu mwekundu. Katika miji ya mine majengo mengi ya mikutano yalijengwa wakati wa ukoloni ao miaka michache baadaye. Ngazi za mbele zilikuwa namna ya heshima: jengo kubwa lazima lipandwe. Hakuna aliyefikiri kwamba wale wale wanaoshuka chini ya udongo kuchimba shaba, wengine watarudi bila miguu.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza muzee mmoja kwenda kusikiliza korali ya vijana. Mji sitautaja wala jengo. Muzee yule ni mufanya kazi wa zamani wa mine. Jiwe lilimwangukia mgongoni, na tangu siku ile kinga ya mikono ndiyo inamtembeza. Mjukuu wake wa kike alikuwa aimbe peke yake kwa mara ya kwanza. Tulifika mapema, na tikiti mkononi. Mbele ya mlango kulikuwa ngazi tatu.

Kijana wa mlango akasema, "Papa, kinga haiingie umu. Tuweke paka pale ku lupango."

Muzee akamjibu pole pole, "Mwanangu, hii si kinga. Hii njo miguu yangu. Na weye, miguu yako uliacha wapi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini ngazi hazikucheka. Mukwe wake, mume wa binti yake, akainama mbele yake: "Papa, panda ku mugongo."

Wasomaji, ninyi munajua desturi zetu. Kati ya mukwe na baba ya mke wake kuna heshima, kuna haya, kuna umbali. Muzee anaweza kubebwa mgongoni na mukwe wake mbele ya watu mia mbili, miguu inaning'inia, watoto wanaangalia? Akakataa. Akasema, "Muingie. Mi nitasikia ku dirisha."

Alisikia, ni kweli. Wimbo ulipita dirishani vizuri. Lakini mjukuu, aliposimama mbele, alitafuta kiti kwa kiti kwa macho yake na hakumwona. Nilikuwa ndani, nikaona namna alivyotafuta.

Watu wa jengo lile si wabaya. Walikuwa tayari kumbeba. Wengi wetu tunafikiri kwamba kubeba ni kusaidia, na mambo yamekwisha. Lakini mtu mzima hapendi kuwa mzigo, hata mzigo unaopendwa. Yeye anataka kuingia, kutoka akichoka, kwenda choo bila kuitisha vijana wane, na kuketi pembeni ya mke wake.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya inchi yetu, ya mwaka 2006, katika kipengele cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kipengele cha 30 cha mapatano yale kinataja waziwazi teatre, sinema na michezo. Kiisha, tarehe 3 Mei 2022, inchi yetu ikapata sheria yake yenyewe ya kulinda na kuendeleza haki za watu hawa.

Basi sheria iko. Lakini sheria haichanganyi simenti. Kati ya karatasi na mlango wa jengo lenu kuna kazi ya mikono, na kazi ile vijana wanaweza kuianza.

TUPIME PAMOJA

Katika inchi nyingi mafundi wanafuata kipimo hiki: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uende mbele sentimita 12. Tufanye hesabu. Ngazi moja ya sentimita 15 inaomba mteremko wa metre 1 na sentimita 80. Ngazi tatu kama zile, maana yake sentimita 45, zinaomba metre 5 na sentimita 40. Ukifanya mfupi zaidi, mlemavu hatapanda peke yake, na wakati wa kushuka kinga inaweza kumtupa mbele. Kama mahali pa mbele ni padogo, mteremko upite kandokando ya ukuta, ao muutafutie mlango wa pembeni. Lakini mlango ule usiwe ule wa takataka.

Juu, mbele ya mlango, muache mahali palipo sawa, metre 1 na nusu kwa uchache, ili kinga isimame bila kurudi nyuma. Pande mbili za mteremko muweke ukingo mdogo, gurudumu lisianguke. Betoni isilainishwe sana, kwa maana masika ya kwetu inageuza kila kitu kuwa sabuni. Kama hamna simenti, mbao nene zilizopigiliwa vizuri zinaweza kusaidia kwa siku ya onyesho.

Mlango wa sentimita 90 unatosha kwa kiti cha magurudumu cha lopitalo. Lakini kinga zetu za mikono ni pana zaidi, na kila fundi anatengeneza kwa namna yake. Kwa hiyo msisome kipimo katika kitabu tu: mwite mwenye kinga, mpime pamoja naye. Yeye ndiye mwalimu wa kazi hii.

Ndani, muondoe viti vichache hapa na pale, si vyote katika pembe moja. Mlemavu hakuja kukaa na walemavu wengine, alikuja kukaa na jamaa yake. Njia ya katikati ibaki wazi mpaka mwisho, hata watu wakiwa wengi, hata mkubwa akija na kuomba kiti.

Na tusisahau wasiotembea juu ya magurudumu. Wazee wengi wa mine masikio yao yamechoka kwa kelele ya mashine za kutoboa mawe. Wawekwe mbele, pahali wanapoona midomo ya mwenye kusema, na taa iangaze uso wake. Kiziwi akikaa juu ya sakafu ya mbao anasikia ngoma kwa miguu yake. Asiyeona anaomba mtu wa kumwambia kwa sauti ndogo nani ameingia na kwa nini watu wanacheka. Albino anaomba kivuli, kama onyesho ni la mchana na ni inje. Yote haya hayaombi feza. Yanaomba mtu mmoja anayefikiri mbele ya siku.

Neno la mwisho kwa vijana wa mlango. Msimshike mtu wala kinga yake mbele ya kumwuliza. Mumwambie tu: "Papa, tukusaidie namna gani?" Yeye anajua mwili wake. Akijibu "Muniache kwanza," mumwache. Akijibu "Ushike hapa nyuma," mushike pale aliposema, si pengine.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA KATIKA VIKUNDI VYA VIJANA

1. Nyumba ya mikutano ya kwenu ina ngazi ngapi mbele ya mlango? Na mbele ya jukwaa? Mteremko wake ungekuwa na metre ngapi?

2. Katika njia yenu wako walemavu wangapi? Mara ya mwisho mliwaona katika onyesho, ndoa ao mupira ilikuwa siku gani?

3. Kama moto ungeanza jukwaani leo, nani angetoka wa mwisho? Mngebadilisha kitu gani kwanza?

4. Nani kwenu ana metre ya kupimia, nani ana mbao, nani anajua kuchanganya betoni? Muandike majina, na mbele ya majina muandike siku ya kazi.